Kufunga foki ya krauni mbili kwenye hadteili: mwongozo kamili kwa watu wa Mbeya, Iringa na nyanda za juu kusini

Habari wadau. Hii kazi watu wengi wanaifeli na wanafeli palepale. Mtu ananunua foki (ule uma wa mbele unaoshika gurudumu) ya mtumba, anaipeleka kwa fundi pale Mwanjelwa, haikai. Au inakaa, anashuka nayo wiki mbili tatu, shingo ya fremu (bomba fupi la mbele ambalo foki inapita) inapasuka kwenye welding ya chini. Foki inalaumiwa bure, maana tatizo karibu kila mara ni vipimo ambavyo hakuna aliyevichukua kabla hela haijatoka. Kwahiyo karibu nusu ya mwongozo huu ni kupima tu, na nakuomba usiruke huko uende kwenye spana.

Tuelewane kwanza. Hadteili ni baiskeli ya milimani yenye shoka (shokapu, kifaa cha kumeza mtikisiko) mbele tu, nyuma ni fremu kavu. Foki ya krauni mbili ni ile inayoshikwa kama ya pikipiki, krauni (kibano cha kushika miguu) moja chini ya shingo na nyingine juu yake, miguu miwili mirefu inapita zote. RockShox BoXXer, Fox 40, Marzocchi 888, DNM USD-8, hizo ndo familia yake. Nyingi zina mwendo wa kati ya milimita 180 na 203, yani ndo kiasi inachoweza kuzama. Zimetengenezwa kwa baiskeli za kushuka zenye shoka mbele na nyuma, na hapo ndo mgogoro wote na hadteili unapoanzia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujagusa bolti

- Foki ikiwa na krauni zote mbili na bolti ZOTE. Za mtumba mara nyingi zinakuja na bolti mbili tatu pungufu, na usichomeke bolti yoyote tu uliyookota gereji, hizi ni za chuma kigumu
- Hedseti (beringi na vikombe vya shingo) inayoendana na shingo yako (tutaipima)
- Gurudumu la mbele lenye habu ya ekseli nene. Nyingi ni milimita 20 kwa upana wa 110, lakini matoleo mapya yanataka habu ya aina ya busti ambayo haifanani na ya zamani, kwahiyo pima foki yako usikisie
- Breki ya diski ya mbele, kaliper na adapta yake. Foki hizi karibu zote hazina sehemu ya kufunga breki za mpira
- Stemu (kishikio cha usukani), ama ya kawaida ama ile inayofungwa moja kwa moja juu ya krauni kwa bolti nne
- Bampa za mpira za kwenye miguu
- Alenkii za 4, 5 na 6, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kama huna, azima kwa mafundi wa magari ila hakikisha inasoma namba ndogo, za magari nyingi zinaanzia juu sana
- Venia au rula ya chuma, msumeno wa chuma, tupa, grisi, nyundo ya plastiki, kipande cha bomba
- Pampu ya shoka kama foki yako ni ya upepo. Pampu ya tairi haifai, upepo utatoka wakati unaichomoa na hutajua umebaki na presha gani

Pampu ya shoka na hedseti ndo vitu vinavyosumbua kupatikana huku kwetu. Vitafute kwanza, foki itasubiri.

## Hatua ya 1: Iulize fremu, sio roho yako

Kila fremu imetengenezwa kwa foki ya urefu fulani. Hadteili nyingi za krosi kantri, na ndo hizo zinazojaa kwenye mitumba, zilikuja na foki ya mwendo wa milimita 80 hadi 120. Ukiweka ya 200 unabadilisha vitu vingi kwa mpigo.

Tuchukue mfano wa baiskeli ya rimu 26. Foki ya zamani ya mwendo wa 100 ina urefu wa kama milimita 475, ukipima kutoka katikati ya ekseli hadi pale inapokaa ringi ya chini ya hedseti. Ya krauni mbili ya 200 inafika kama 570. Tofauti ni 95. Kila milimita 20 unazoongeza mbele zinalaza shingo kama digrii moja, kwahiyo shingo iliyokuwa digrii 70 inakwenda kwenye 65 na kitu. Kiti nacho kinalala kurudi nyuma kiasi hichohicho, na sehemu ya pedeli inapanda juu kama sentimita 3 na nusu hadi 4. Mtu wa Mbeya anayepanda Kawetere kila Jumamosi atalisikia hilo mapema, gurudumu la mbele linanyanyuka kila ukikanyaga pedeli kwa nguvu.

Ila hayo ni ya starehe. La hatari ni hili: foki iliyotoka 475 kwenda 570 ni mkono mrefu zaidi kwa asilimia 20 unaoivuta shingo ya fremu kila unapogonga jiwe. Afu krauni mbili hazipindi kama krauni moja, nguvu ambayo zamani ilikuwa inaliwa na foki kupinda kidogo saivi inaenda zaidi kwenye welding ya bomba la chini. Ndo maana fremu zinapasuka pale.

Sasa unajuaje kama yako inafaa?

Tafuta jina na mwaka wa fremu, usome mtengenezaji ameruhusu foki ya mwendo gani au urefu gani. Akisema mwisho 120, ni 120. Kama fremu ni ya mtumba imepakwa rangi upya na jina hulioni, iangalie mwili: fremu za kuruka na za friraidi zina mabomba manene, shingo nene, na bati la kuongeza nguvu limechomelewa chini ya shingo pale linapokutana na bomba la chini. Fremu nyembamba nyepesi isiyo na bati hilo, acha. Fremu ya kaboni ambayo mtengenezaji hajaitaja foki ya namna hii, acha kabisa, hata kama muuzaji anakuapia.

Na usiende kwa fundi wa geti akuongezee bati kwenye fremu ya aluminiamu. Aluminiamu za fremu huwa zinapikwa kiwandani baada ya kuchomelewa ili zirudishe nguvu, ukichomelea mtaani sehemu inayozunguka ile welding inabaki laini. Utakuwa umeidhoofisha palepale unapotaka iwe ngumu.

Umefaulu kama: una uhakika fremu inabeba, sio unatumaini. Kama haijapita, funga foki nzuri ya krauni moja yenye mwendo ambao fremu imeruhusiwa. Utashuka vizuri tu Rungwe na kwingine na shingo itabaki nzima.

## Hatua ya 2: Vipimo vitatu

Kipenyo cha shingo. Bomba la usukani (lile la foki linalopita ndani ya shingo) la foki hizi kwa kawaida ni la moja kwa moja, inchi 1 na moja ya nane, yani milimita 28.6. Shingo ya kipenyo cha ndani cha 34 inaingia na hedseti ya kawaida ya vikombe vya nje. Shingo ya 44 nayo ina hedseti zake. Shingo pana chini nyembamba juu usiiogope, unanunua kikombe cha chini chenye ringi ya kupunguzia hadi 28.6. Kinachogoma ni baiskeli zenye stemu ya kuzamisha na foki yenye uzi, kama Phoenix na za mjini. Hapo hakuna ujanja.

Urefu wa shingo. Hiki ndo kipimo watu wanachosahau. Miguu ina urefu wake na krauni ya juu lazima iishike yote, ukingo kwa ukingo. Jumlisha shingo, vikombe vya hedseti vya juu na chini, na spesa. Hiyo jumla lazima iangukie kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha foki yako. Shingo ikiwa fupi unaongeza spesa kati ya hedseti na krauni ya juu, haina shida. Ikiwa ndefu kupita kiasi, krauni ya juu inashika ncha tu ya mguu, na hiyo haikubaliki. Baadhi ya foki zina krauni ya juu ya aina mbili, iliyolala na iliyonyanyuka, ulizia kama hiyo nyingine inapatikana.

Nafasi ya miguu na bomba la chini. Foki ya krauni moja inazunguka huru. Hii ukikata kona kali mguu unagonga fremu. Kikombe cha nje cha chini kinasaidia kuisogeza krauni mbali na bomba, ila kinaongeza kama sentimita moja mbele, kwahiyo irudishe kwenye hesabu ya Hatua ya 1.

## Hatua ya 3: Punguza mwendo wa foki ikiwa inawezekana

Hapa nina msimamo na nausema wazi: kwenye hadteili usitembee na 200 kamili. Sababu ni kwamba nyuma haizami. Baiskeli yenye shoka mbili ikigonga shimo inazama mbele na nyuma, pembe zinabaki karibu zilezile. Hadteili inazama mbele peke yake, kwahiyo foki ikila milimita 200 zote shingo inasimama kwa kama digrii 10 katikati ya mteremko, kichwa kinaelekea chini pale unapohitaji baiskeli itulie.

Foki nyingi zinaweza kuwekewa spesa ndani ili zitembee 160 au 180. Hiyo kazi ni ya kufungua foki, kumwaga mafuta, kuweka spesa upande wa springi, kurudisha mafuta kwa kipimo. Kama hujawahi, mpe fundi anayezijua shoka. Spesa ya ndani inafupisha pia urefu wa foki nzima, kwahiyo unashinda mara mbili, pembe zinakuwa nzuri na mkono unaovuta shingo unapungua.

Njia ya pili ni kuinua miguu ndani ya krauni ili mbele ishuke. Inasaidia kidogo ila ina mpaka wake, tutauona Hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Toa ya zamani, piga hedseti

Toa gurudumu, breki, stemu, foki. Vikombe vya zamani vitoe kwa kugonga kutoka ndani, zunguka pande zote kidogo kidogo, usigonge upande mmoja kikalala. Futa shingo ndani, paka grisi nyembamba, ingiza vikombe vipya. Kama huna presi, tumia bolti ndefu yenye uzi na washa pana mbili, kaza taratibu. Kugonga na nyundo kavu kunatanua shingo na baada ya hapo kikombe hakikai tena.

Ringi ya chini ipige kwenye bomba la usukani kwa kipande cha bomba kinachopita vizuri, hadi sauti ibadilike kuwa nzito na ngumu.

Umefaulu kama: hakuna mwanga kati ya kikombe na shingo, wala kati ya ringi na krauni.

## Hatua ya 5: Kupachika na kukata bomba la usukani

Legeza bolti zote, chomoa krauni ya juu. Krauni ya chini ikiwa na bomba lake la usukani ipitishe kwenye shingo, beringi zote na grisi, afu rudisha krauni ya juu. Sasa pandisha miguu kutoka chini ipite krauni zote mbili.

Stemu ya kufunga kwenye krauni inataka bomba la usukani liishie milimita 2 hadi 3 CHINI ya ukingo wa juu wa krauni (au wa spesa iliyo juu yake). Stemu ya kawaida inataka bomba refu zaidi, maana inakaa juu ya krauni. Foki ya mtumba mara nyingi imeshakatwa, pima kabla ya kulipa, bomba fupi haliungwi. Usilichomelee kamwe.

Weka alama, toa, pima tena, ndo ukate. Kata na msumeno mpya, lainisha na tupa ndani na nje, afu piga nati ya nyota (inayoshika bolti ya kofia ya juu) izame kama sentimita 1 na nusu.

## Hatua ya 6: Kukaza kwa mpangilio

Hapa ndo mafundi wengi, hata wazuri, wanakosea, kwa sababu wamezoea krauni moja. Mpangilio ni huu na una sababu.

Bolti zote za krauni ya juu ziwe zimelegea, za bomba la usukani na za miguu. Zikiwa zimekaza, krauni haiwezi kushuka, unakaza kofia ya juu mpaka basi na hedseti bado inacheza.

Kaza kofia ya juu taratibu huku ukitikisa. Shika tairi la mbele kati ya magoti, weka kidole kwenye mpaka wa kikombe cha chini na krauni, sukuma mbele nyuma. Ukisikia kagongo kadogo kwenye kidole, ongeza robo ya mzunguko. Kagongo kakiisha na usukani bado unaanguka wenyewe kushoto na kulia ukinyanyua mbele, simama hapo.

Sasa kaza bolti ya krauni ya juu kwenye bomba la usukani. Afu weka miguu kwenye urefu sawa, pima kwa venia kushoto na kulia kuanzia juu ya krauni, ekseli iwe imepita chini ikiteleza kwa mkono bila kulazimishwa. Ekseli ikikwama ujue mguu mmoja uko juu. Kisha kaza miguu kwenye krauni ya juu, mwisho krauni ya chini. Zikiwa bolti mbili mbili, zipokezane, hii kidogo, ile kidogo, mzunguko mara kadhaa.

Nguvu ya kukaza ni ile namba iliyochapwa pembeni ya bolti au kwenye kitabu, fuata hiyo. Watu wanadhani foki kubwa inataka kukazwa kwa bomba refu. Ukizidisha unabinya mguu na krauni inaweza kupasuka, na krauni ikipasuka kwenye mteremko ni meno na mifupa.

Umefaulu kama: hakuna mchezo, usukani unazunguka laini, na ukisimama mbele ya baiskeli ukabana tairi na kuusokota usukani, hakuna kinachoteleza.

## Hatua ya 7: Mtihani wa tairi na krauni

Usiipande baiskeli kabla ya mtihani huu. Toa upepo wote kwenye foki, au toa springi kama ni ya koili. Jaza tairi presha yako ya kawaida. Sukuma foki mpaka mwisho kabisa na uangalie kati ya tairi na krauni ya chini.

Mimi nataka sentimita moja wazi isiyopungua. Tope la Tukuyu wakati wa mvua linajaza nafasi hiyo ndani ya dakika chache, na tairi likigusa krauni wakati foki imezama, gurudumu linasimama ghafla na wewe unaendelea. Kama nafasi ni ndogo, ama tairi jembamba, ama shusha miguu kwenye krauni. Huu ndo ule mpaka niliosema: kila unapoinua miguu ili mbele ishuke, krauni ya chini inalisogelea tairi.

## Hatua ya 8: Bampa, breki, waya

Zungusha usukani mpaka mguu ukaribie fremu, weka alama, funga bampa palepale, kushoto na kulia. Miguu ni bomba jembamba, ikigonga fremu unapata bonde kwenye mguu na shimo kwenye fremu kwa pigo moja.

Usukani umepanda, kwahiyo waya wa gia na paipu ya breki za zamani huenda zikawa fupi. Geuza usukani mwisho pande zote mbili, kama paipu inavutika, badilisha ndefu.

## Hatua ya 9: Sagi

Funga kamba ya mpira au zipu tai kwenye mguu, vaa kama unavyoendesha na begi lako, kaa taratibu, shuka bila kudunda. Sagi ni kiasi foki inachozama kwa uzito wako tu: iwe imezama asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake. Kwa 200 ni milimita 50 hadi 60, kwa 170 ni kama 43 hadi 51. Foki ya upepo ongeza au punguza kwa pampu ya shoka, ya koili badilisha springi kulingana na uzito wako. Kuzungusha kinobu cha juu mpaka mwisho hakugeuzi springi laini kuwa ngumu.

Foki ikizama hivyo unarudishiwa sehemu ya pembe. Kwenye mfano wetu ya zamani ilikuwa inazama 20, mpya inazama 60, kwahiyo tofauti ya 95 inabaki 55 ukiwa umekaa juu. Ndo maana sagi ni lazima kwenye hadteili, foki ngumu isiyozama inakuachia baiskeli yenye mbele juu kama ngazi.

## Hatua ya 10: Safari ya kwanza

Anzia uwanja wa mpira au barabara ya vumbi iliyonyooka, Uyole huko ziko nyingi. Breki, kona, kidunda kidogo. Afu rudi nyumbani ukaze bolti zote tena kwa toki renchi, maana krauni mpya zinakaa sawa baada ya mtikisiko wa kwanza na bolti zinalegea. Wa Iringa, msijaribu breki mpya kwenye mteremko wa Ipogolo, na Kitonga hata msifikirie, malori yale hayakuoni.

Ukishazoea, nenda njia za msituni, anza fupi.

Kila baada ya safari futa chini ya shingo kwa kitambaa chenye maji na uangalie kwa tochi. Unatafuta ufa kama unywele kwenye welding, rangi iliyopasuka au iliyovimba, au mstari mweusi unaorudi kila ukifuta. Ukiuona, baiskeli hiyo haishuki tena, hata kurudi nyumbani unaikokota. Foki unaitoa na kuitunzia fremu nyingine.

Kiangazi vumbi letu linaharibu sili haraka, futa miguu kila siku uliyoendesha na usitumie maji ya presha pale juu ya sili. Foki ya mtumba ibadilishie mafuta na sili kabla hujaanza kuitegemea, na ukiona mafuta yanachuruzika hadi kwenye diski, simamisha mpaka utengeneze, maana breki pedi zikinywa mafuta hazishiki tena.